Mbegu, Uchungu na Kipimo: Lugha ya Tiba ya Kisukari na Lehemu katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika masoko ya pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, mbegu za dawa hazina meza yake ya peke yake. Uwatu hukaa karibu na bizari na iliki, habasoda hukaa karibu na ufuta, na kokwa za zambarau zilizokaushwa na kusagwa hufungwa katika vifuko vidogo kando ya unga wa mlonge. Mnunuzi anaweza kuondoka na viungo vya mchuzi pamoja na tiba ya kisukari katika mfuko mmoja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Kwa mpita njia jambo hilo ni la kawaida. Kwa mwanafunzi wa lugha ni swali: Kiswahili hutumia maneno gani kutofautisha mbegu inayoliwa, mbegu inayotibu, na mbegu inayodhaniwa kutibu?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kuangalia mbegu chache zinazotajwa sana na watu wanaotaka kupunguza sukari na mafuta katika damu. Hoja yake ni kwamba wataalamu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kukusanya majina ya mimea, lakini vitenzi na vipimo vinavyofuatana na majina hayo vimeachwa nyuma. Na mgonjwa hafaidiki wala hadhuriki kwa jina la mbegu. Hufaidika au hudhurika kwa kile alichoambiwa kwamba mbegu itafanya, na kwa kiasi alichokunywa.

Kazi ya majina ina historia ndefu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza maisha ya watu wa Mrima, yakiwamo magonjwa na uganga, kwa Kiswahili chenyewe. Padre Charles Sacleux aliingiza majina mengi ya mimea katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941. Mwaka 1995 Bernd Heine na Karsten Legère walitoa kitabu kizima kuhusu mimea ya Waswahili. Kwa upande wa taasisi, kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Hakuna uhaba wa watu walioandika kwamba mti fulani huitwa hivi na hutibu vile. Uhaba uko katika kulichunguza neno hilo dogo, hutibu.

Majina na njia yalizopitia

Mbegu nyingi zinazosifiwa kwa kisukari katika pwani hii hazikuota hapo kwanza. Zilifika kwa bahari, na baadhi ya majina yake bado yana harufu ya jahazi. Habasoda ni Kiarabu kilichoshikana: habba ni punje, na sauda ni nyeusi. Maneno mawili yamekuwa moja, na wasemaji wengi hawaisikii tena maana iliyo ndani. Sifa yake imebebwa na hadithi mashuhuri ya Mtume inayoitaja kuwa tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na kwa sababu hiyo mbegu hii ilifika ikiwa na heshima ambayo hakuna muuzaji aliyehitaji kuiongeza. Uwatu, ambao Waswahili wengine huuita hulba kwa kufuata Kiarabu, ulijulikana kwa muda mrefu kama kiungo, na kama chakula cha mzazi ili maziwa yatoke kwa wingi. Kuhusishwa kwake na kisukari ni sura nyingine iliyoongezwa juu ya ile ya zamani, bila kuifuta.

Zambarau ilitoka Asia ya Kusini pamoja na mti wake, ikazoeleka hata ikakipa Kiswahili jina la rangi. Si matunda mengi yaliyopata bahati hiyo. Mwarobaini nao ulitoka huko huko, lakini watu wa pwani waliupa jina lao wenyewe, yaani mti wa arobaini, kwa kuamini kwamba hutibu maradhi arobaini. Hapa jina lenyewe ni tangazo, na mtu anayelitamka amekwisha kupokea ahadi kabla ya kuonja jani.

Ufuta una hadithi tofauti. Wakenya na wengine wengi husema simsim, kwa Kiarabu, ilhali Watanzania husema ufuta, neno la Kibantu lenye shina moja na mafuta. Kwa mkulima wa Lindi, mbegu hii na uto wake ni neno moja lililobadilishiwa kiambishi. Tutakapofika, yaani mhadhara utakapofika, kwenye suala la lehemu, udugu huo wa maneno utahitajika tena.

Jambo moja dogo la msamiati halina budi kutajwa. Kiswahili cha kawaida hakiiti kila kitu mbegu. Kiotacho kikipandwa ni mbegu. Cha nafaka ni punje. Kilicho kigumu ndani ya tunda, kama embe au zambarau, ni kokwa, na ndani ya kokwa mna kiini. Mwenye lugha, awe msemaji wa Kimgao wa Kilwa au mtu ambaye nyumbani husema Kimwera, Kimachinga au Kimatumbi, hupata katika maneno haya maelekezo ya kutosha: saga kiini, tupa ganda, tumia kokwa kavu. Matangazo ya siku hizi yameyakusanya yote chini ya neno mbegu. Mtu anayenunua unga ulioandikwa mbegu za zambarau hajui kama amesagiwa kokwa nzima au kiini peke yake.

Sukari, lehemu na uchungu

Neno kisukari limejengwa kama majina mengi ya magonjwa katika Kiswahili, kwa kiambishi ki-: kifafa, kichocho, kipindupindu, kifaduro. Ni umbo la heshima ya kitaalamu, ingawa neno hilo hilo huita pia ndizi ndogo tamu, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuchanganyikiwa kwa sababu hiyo. Katika mazungumzo, hata hivyo, watu husema tu sukari. Ana sukari. Sukari imempanda. Kitu kilichokuwa anasa kimekuwa ugonjwa bila kubadilisha jina.

Pwani ya Kilwa ina sababu yake ya kulitazama neno hilo kwa makini. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Visiwa hivyo baadaye vilijulikana duniani kwa mashamba ya miwa. Kwa hiyo sukari iliwachukua watu wa nyuma ya pwani hii muda mrefu kabla haijaingia katika damu yao kama ugonjwa.

Na kama ugonjwa imeingia kwa haraka. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kwamba katika vijiji vya Tanzania walivyovichunguza, kisukari kilikuwa kwa chini ya mtu mzima 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, na lehemu iliyozidi kwa takriban robo yao. Mbinu za tafiti hizo mbili hazilingani, wala vijiji vile havikuwa vya Lindi, kwa hiyo namba hizo hazifai kutolewa moja kwa nyingine kama hesabu ya duka. Mwelekeo wake haubishaniwi.

Lehemu ni neno gumu zaidi. Waandishi wa vitabu vya lishe walilichagua kutaja kile ambacho wengine hukiita kolesteroli. Lakini fundi bati, na yeyote aliyewahi kumpelekea sufuria iliyotoboka, anajua kwamba lehemu ni madini yanayoyeyushwa ili kuunganisha bati, na kwamba kulehemu ni kuziba. Istilahi imeangukia juu ya neno lililokwisha kuwa na kazi. Pengine haikuwa bahati mbaya tupu. Picha ya kitu kilichoyeyuka kikaja kuganda na kuziba mrija wa damu haiko mbali na ukweli. Tatizo ni kwamba lehemu ya fundi ni kitu kizuri, kinachookoa sufuria, na mgonjwa anayeambiwa ana lehemu nyingi hana njia ya kujua kama amepewa habari mbaya. Ndiyo maana watu wengi hurudi kwenye maneno mafuta kwenye damu. Maneno hayo ni marefu lakini yanasikika.

Lehemu pia haijitangazi. Sukari ikizidi huleta kiu, kukojoa mara kwa mara, ganzi ya miguu, kidonda kisichofunga. Lehemu hukaa kimya hadi siku ya kiharusi au ya moyo. Ugonjwa usio na dalili hauna msamiati wa nyumbani, na usio na msamiati wa nyumbani huachiwa wauza maneno.

Katika kisukari, kinyume chake, lugha yenyewe imependekeza dawa. Ikiwa ugonjwa ni utamu, basi tiba ni uchungu. Orodha ya vitu vinavyotajwa kushusha sukari ni orodha ya vitu visivyopendeza ulimini: uwatu, mwarobaini, shubiri, habasoda, kokwa ya zambarau yenye ukakasi. Mwenye kuvinywa huhisi kwamba chungu inapambana na tamu ndani ya mwili, kama chumvi inavyoharibu chai. Ni mantiki nzuri ya sitiari, na imewasaidia watu kukumbuka mimea kwa vizazi. Ila mwili hauli sitiari. Sukari ya damu haitokani na utamu wa ulimi: ugali, wali na muhogo, ambavyo si vitamu, huwa sukari vikisha kumeng'enywa. Mtu anayekunywa glasi ya uwatu asubuhi ili kuua utamu, kisha akala sahani ya wali iliyojaa kwa sababu si tamu, ameiamini sitiari kuliko damu yake.

Mbegu mbele ya maabara

Yafaa kusema wazi kwamba maabara haijaudharau uwatu. Kati ya mbegu zote zinazotajwa hapa, huu ndio wenye ushahidi wa kueleweka vizuri. Mbegu ikilowekwa hutoa ute, na ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ziitwazo galaktomanani, ambazo huchelewesha kuingia kwa sukari kutoka utumbo hadi damu na kuzuia sehemu ya mafuta isinyonywe. Ndani yake mna pia aina ya asidi amino inayoonekana kuchochea kongosho litoe insulini. Ukaribu wake na dawa za hospitali si wa kubahatisha: metifomini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari duniani, asili yake ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, wa jamii ile ile ya mikunde ambayo uwatu umo. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake ya kuitumia metifomini kwa wagonjwa mwaka 1957. Hata dawa za statini za kushusha lehemu zilianzia kwa ukungu uliochunguzwa na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970. Mstari unaochorwa kati ya dawa za mimea na dawa za hospitali ni mwembamba kuliko pande zote mbili zinavyopenda kukiri.

Lakini angalia kiasi. Katika utafiti maarufu wa R. D. Sharma na wenzake nchini India, uliochapishwa mwaka 1990, wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza walipewa gramu 100 za unga wa uwatu uliotolewa mafuta, kila siku kwa siku 10. Sukari yao ya asubuhi ilishuka, na lehemu pia. Kijiko cha chai cha uwatu hakizidi sana gramu 4. Anayesema kwamba uwatu umethibitishwa hajasema uongo; hajasema tu kwamba uliothibitishwa ule ulikuwa chakula kizima kilichochanganywa katika mlo, na si kijiko kilicholowekwa usiku kucha. Tafiti nyingine zimetumia kiasi kidogo zaidi na kupata matokeo madogo zaidi, kama ambavyo mtu angetarajia.

Habasoda nayo imepimwa. Huko Saudi Arabia, mwaka 2010, ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili waliopewa gramu 1, 2 au 3 kwa siku, kwa miezi mitatu, juu ya vidonge vyao vya kawaida. Gramu 2 zilishusha sukari vizuri. Gramu 3 hazikuongeza faida. Maneno mawili ya taarifa hiyo ndiyo yenye uzito, nayo ni juu ya. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge.

Zambarau imeadhimishwa sana kwa matokeo yasiyokubaliana. Majaribio ya wanyama kwa unga wa kokwa yametia moyo, lakini watafiti wa Brazili walipoijaribu chai ya majani yake hawakuona sukari ikishuka. Kokwa na jani si kitu kimoja, na hapa ndipo ule utofauti wa maneno kokwa, kiini na jani unapoacha kuwa anasa ya wanakamusi. Kuhusu mlonge, sifa iliyo thabiti zaidi ya mbegu zake ni kusafisha maji yenye tope.

Kuna mbegu nyingine mbili ambazo Lindi inazijua kuliko dawa yoyote, na ambazo hazimo katika vifuko vya wauza dawa kwa sababu hazina uchungu. Ya kwanza ni korosho. Wapo wanaoiogopa wakidhani imejaa lehemu, ingawa lehemu hutoka kwa wanyama na mmea hauna kiasi cha kutajwa. Utafiti wa mjini Chennai, India, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa watu wenye kisukari gramu 30 za korosho kwa siku kwa wiki 12: ile lehemu iitwayo nzuri iliongezeka, presha ya juu ikapungua, na sukari haikubadilika kwa upande wowote.

Ya pili ni ufuta. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa ufuta nchini, na msimu ukifika magunia hukusanywa katika maghala, hupigwa mnada, na sehemu kubwa husafirishwa nje. Wakati huo huo mafuta yanayokaangia samaki na maandazi katika miji ya mkoa huo huo, kama kwingineko Tanzania, mara nyingi ni ya mawese yaliyotoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayogandisha na kupandisha lehemu. Ya ufuta mengi si ya aina hiyo. Kwamba badiliko la mafuta ya kupikia linaweza kuonekana katika damu ya taifa zima si nadharia. Morisi, ile Île de France ya mkataba wa Morice, ilibadilisha mafuta yake ya kawaida mwaka 1987 kutoka yenye mawese mengi hadi ya soya; kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Bila shaka mambo mengine nayo yalibadilika kisiwani katika miaka hiyo, lakini mafuta yalikuwa sehemu kubwa ya sababu. Hakuna mganga aliyewahi kupata matokeo ya namna hiyo, na hakuna aliyeita soya dawa.

Kuponya, kuganga, kushusha

Linabaki suala la vitenzi, ambalo ndilo zito. Kiswahili kina utajiri wake hapa. Kuna kutibu na kuponya, kuganga na kuagua, kutuliza na kupoza, kukinga na kuzuia. Kuponya hudai mwisho: aliyepona ameachana na ugonjwa. Kutibu hakudai mwisho, kwani mtu anaweza kutibiwa mwaka mzima asipone. Kuganga ni kufunga na kuunga kilichovunjika, na pengine si bure kwamba methali ya yaliyopita si ndwele hutaka tugange yajayo, haisemi tuyaponye. Kutuliza hukubali tangu mwanzo kwamba kilichotulia chaweza kuamka.

Katika biashara ya mbegu za kisukari vitenzi hivi hutoweka, vikabaki vitatu: kushusha, kukata na kumaliza. Muuzaji anayemwambia mama mtu mzima, "Bi mkubwa, chukua hii, inamaliza sukari kabisa," ametumia kitenzi ambacho hakuna mbegu wala kidonge chochote kinachokistahili. Kama angesema inashusha, angekuwa karibu na ukweli. Kama angesema inasaidia kushusha, angekuwa ndani yake.

Neno dawa limebeba ahadi kubwa kwa muda mrefu katika nchi hii ya Kilwa. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Wamatumbi waliong'oa pamba kule Nandete mwezi Julai mwaka huo waliamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Dawa hiyo iliwaunganisha watu ambao hakuna mtawala aliyewahi kuwaunganisha, na kisiasa ilifanya kazi kubwa. Lakini ahadi yake ilikuwa kamili, haikuwa na kiasi, na waliokufa hadi mwaka 1907 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka 2011, maelfu ya Watanzania walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa, na wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Ilikuwa mizizi, haikuwa mbegu. Kitenzi kilikuwa kile kile.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wa pwani hawana fikra ya ugonjwa wa kuishi nao. Wanayo, na iko katika lugha ya pepo. Mtu hupandwa na pepo, kama anavyopandwa na sukari. Pepo mwenye enzi hafukuzwi mara moja tu: hutulizwa, hupewa haki yake, hukumbukwa kwa wakati wake, na aliyenaye huishi na masharti maisha yake yote. Mhudumu wa afya anayehangaika kueleza kwamba kisukari hakiponi bali hudhibitiwa, neno rasmi lisilomgusa mtu, angeweza kupata katika lugha hiyo msamiati uliokwisha kukomaa. Si lazima akubaliane na pepo ili aazime kitenzi.

Kushusha nako kuna mtego wake. Sukari imeshuka ni habari njema kwa aliyekuwa na milimoli 15. Maneno hayo hayo ni ya dharura kwa mtu anayetetemeka, anayetoka jasho na kuzungumza ovyo kwa sababu sukari yake imekwenda chini mno. Anayekunywa glibenklamaidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini, kisha akaongeza uwatu mwingi bila kumwambia daktari, anaweza kufikia hali hiyo ya pili akidhani anaipata ile ya kwanza. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hatari ni ya upande mwingine. Mwili wake hautengenezi insulini, na tangu insulini ilipotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto mwaka 1922 haijapatikana mbegu ya kuchukua nafasi yake. Siku chache tu bila sindano zaweza kumwua, hata akinywa uwatu kiasi gani.

Konzi, ukufi na kijiko

Wanakamusi wanaweza kufanya nini? Kwanza, kuacha kuandika kwamba mmea fulani hutumika kama dawa ya kisukari, na kuishia hapo. Kidahizo cha uwatu kinachostahili jina lake kingetaja sehemu inayotumika, namna inavyoandaliwa, kitenzi ambacho wazee hukitumia, na kipimo. Vipimo vipo. Pwani hii ilipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi, na ilipima dawa kwa mkono: konzi ni kiasi cha kiganja kilichofumbwa, ukufi ni cha kitanga kilichojaa kikiwa wazi. Mwanafunzi wa isimu mwenye mizani ya jikoni anaweza kukaa siku nzima Kilwa Kivinje akipima konzi za uwatu za wanawake ishirini, na jioni akawa na jedwali ambalo halijawahi kuchapishwa na ambalo daktari wa wilaya angelihitaji.

Pili, kuna swali la kliniki. Mgonjwa huulizwa: unatumia dawa za kienyeji? Hujibu hapana, na hasemi uongo. Uwatu anaounywa kila asubuhi ni kiungo. Habasoda anayotafuna ni sunna. Unga wa zambarau alipewa na shangazi. Hakuna hata kimoja kati yake ambacho katika Kiswahili chake ni dawa ya kienyeji, maneno yanayomkumbusha mganga, hirizi na kibuyu. Kosa liko katika nomino. Swali linalofuata mpaka wa maneno ya mgonjwa huuliza vitu kwa majina yake, kimoja kimoja: mama, unakunywa uwatu? Na habasoda? Kokwa za zambarau, je? Konzi au kijiko? Tangu lini? Na vidonge vya hospitali, umevipunguza tangu uanze?